Mwajiri Akikataa Likizo Bila Malipo: Jinsi ya Kukabili Kupunguzwa Kazini

SOMO LA HAKI ZA KAZI KWA WAKAZI

Kila masika yanapokaribia, hoteli za ufuoni katika kaunti yetu, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, huanza kuhesabu vyumba vitupu. Kati ya Aprili na Juni wageni hupungua, na hoteli nyingine hufunga milango kabisa kusubiri msimu urudi. Wafanyakazi wengi wa hoteli wamezoea mtindo mmoja: mwajiri huwaambia wakae nyumbani miezi miwili au mitatu bila mshahara, kisha huwaita wageni wanaporudi. Miezi hiyo ni migumu, lakini kazi hubaki.

Mambo hubadilika mwaka ambao mwajiri hasemi "pumzikeni", bali anasema nafasi yenyewe imeondolewa. Wafanyakazi humwomba awape likizo bila malipo, wavumilie hadi Julai. Jibu linakuwa hapana. Mtu aliyefanya kazi miaka sita au kumi anapewa barua, anaambiwa afike ofisini kutia sahihi, na jioni anarudi nyumbani bila kujua kama alichopewa ndicho anachostahili.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu huyo na familia yake. Linamfaa pia mfanyakazi wa kiwanda, shamba, shule ya kibinafsi au duka kubwa, kwa kuwa sheria ni moja. Jambo kuu la kushika ni hili: likizo bila malipo ni makubaliano, na huwezi kumlazimisha mwajiri akupe. Lakini notisi ya mwezi mmoja, utaratibu wa haki na malipo ya kupunguzwa ni haki yako, hata mwajiri akikataa ombi lako.

Maneno matatu yasiyofanana

Watu wengi husema "nimefutwa" kwa kila namna ya kupoteza kazi. Sheria inatofautisha, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua unalipwa nini.

Likizo bila malipo: Kazi yako ipo, mkataba unaendelea, ila kwa muda fulani huendi kazini na hulipwi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina kifungu kinachokupa haki ya kudai likizo ya aina hii. Vilevile, mwajiri hawezi kukutupia likizo hiyo kwa nguvu. Sheria hiyo inataka mabadiliko ya masharti ya mkataba yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, naye ajulishwe kwa maandishi.

Kupunguzwa kazini: Umepoteza kazi bila kosa lako, kwa uamuzi wa mwajiri, kwa sababu kazi uliyokuwa ukifanya haihitajiki tena au nafasi imeondolewa. Hapa ndipo kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinapofanya kazi.

Kufutwa kwa kosa: Unalaumiwa kwa utovu wa nidhamu au kushindwa na kazi. Utaratibu wake ni mwingine: unaelezwa kosa, unasikilizwa ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama, kisha uamuzi unatolewa.

Yako makundi mengine mawili ya kuangalia. Aliye na mkataba wa muda maalumu, tuseme miezi sita, mkataba ukiisha tarehe iliyoandikwa huwa umeisha tu, na hilo halihesabiwi kuwa kupunguzwa kazini. Kibarua naye asijidharau. Sheria inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kwa chini ya miezi mitatu, anaweza kuhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Kuitwa "kibarua" kwa miaka mitatu hakumwondolei mtu haki zake.

Je, naweza kumlazimisha anipe likizo badala ya kunipunguza?

Swali hili liliulizwa sana mwaka 2020, wakati wa korona. Wakazi wenye jamaa Uingereza walisikia kwamba serikali ya huko ililipa asilimia 80 ya mshahara wa wafanyakazi waliokaa nyumbani, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, wakiwa bado ni wafanyakazi wa kampuni zao. Mpango huo uliendelea hadi tarehe 30 Septemba 2021. Hata hivyo, hata huko ni mwajiri aliyeamua kumwingiza mfanyakazi katika mpango. Kulikuwa na watu walioomba wakakataliwa, wakapunguzwa kazini ilhali pesa za serikali zilikuwepo.

Kenya haikuwa na mpango kama huo wa kulipa mishahara. Mwezi wa Aprili 2020 Wizara ya Leba, muungano wa vyama vya wafanyakazi COTU na shirikisho la waajiri FKE walitia sahihi maelewano yaliyowahimiza waajiri kutafuta njia nyingine kabla ya kupunguza watu. Wengi walikubaliana na wafanyakazi wao juu ya likizo bila malipo au mshahara uliopunguzwa. Hayo yalikuwa mahimizo. Hayakuunda haki ya kudumu ya kupewa likizo.

Kwa hiyo jibu fupi ni hapana, huwezi kumlazimisha. Lakini usiishie hapo. Sheria inakupa mwezi mmoja wa kuzungumza, na wafanyakazi wengi huupoteza kwa sababu hawajui una kazi gani.

Mwezi wa notisi una kazi gani

Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi si chini ya mwezi mmoja kabla ya tarehe anayokusudia. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, taarifa huenda kwa chama na kwa afisa wa leba wa eneo. Kama si mwanachama, unaandikiwa wewe binafsi, na afisa wa leba pia anajulishwa. Taarifa inayokwenda kwa chama lazima ieleze sababu za kupunguza na ukubwa wa upunguzaji wenyewe.

Mbali na hiyo, kifungu hichohicho kinadai notisi ya kuachishwa ya angalau mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Haya ni matakwa mawili tofauti. Mwajiri anayekupa bahasha ya mshahara wa mwezi mmoja leo na kukuambia usirudi kesho amekulipa notisi ya kuachishwa, lakini hajatimiza lile takwa la kueleza nia yake mapema.

Mwaka 2014, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa usafiri wa ndege, Mahakama ya Rufaa iliangalia kwa kina kifungu hiki. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba lengo la taarifa ni kutoa nafasi ya mashauriano: pande zote ziketi, zitazame kama upunguzaji unaweza kuepukwa, na kama hauwezi, uchungu wake upunguzweje. Tangu hapo majaji wa Mahakama ya Ajira na Leba wamekuwa wakiuliza kama mashauriano ya kweli yalifanyika.

Huo ndio mlango wako. Ombi la likizo bila malipo lililosemwa kwa mdomo kwenye korido halina ushahidi. Ombi lililoandikwa ndani ya mwezi huo linakuwa sehemu ya mashauriano, na mwajiri anayelipuuza bila sababu anajidhoofisha mwenyewe mbele ya mahakama.

Barua inaweza kuwa fupi hivi:

"Kwa Meneja. Nimepokea taarifa yako ya tarehe … kuhusu nia ya kupunguza wafanyakazi. Kabla uamuzi haujafikiwa, naomba tuzungumzie njia hizi: kwanza, likizo bila malipo kuanzia tarehe … hadi tarehe …, nafasi yangu ikibaki, pili, kufanya kazi siku chache kwa wiki kwa mshahara unaolingana na siku hizo, tatu, kuhamishiwa idara nyingine yenye nafasi. Naomba jibu kwa maandishi kufikia tarehe … Nakala: Afisa wa Leba, chama cha wafanyakazi."

Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri au itiwe sahihi ya aliyeipokea, nawe ubaki nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni vivyo hivyo.

Mwajiri akikubali, usirudi nyumbani kwa ahadi ya mdomo. Makubaliano ya likizo bila malipo yaandikwe yakisema: inaanza lini na inaisha lini, utarudi kwenye nafasi ipi na mshahara upi, miaka yako ya kazi inaendelea kuhesabiwa, michango ya afya na ya uzeeni italipwa na nani katika kipindi hicho, unaruhusiwa kufanya kazi nyingine au la, na itakuwaje kama tarehe ya kurudi itafika bila kuitwa.

Tuseme ukweli pia kwamba likizo bila malipo si bora kila mara. Kama hoteli inadaiwa kila upande, au mwenyewe anatafuta mnunuzi, kusubiri miezi minne bila mshahara kunaweza kukufanya uikute milango imefungwa na pesa zimekwisha. Mwajiri akifilisika, kifungu cha 40 hakitumiki tena. Madai yako hufuata sheria za ufilisi, na unakuwa mmoja katika foleni ya wadai. Kabla ya kuomba likizo, jiulize: je, kuna dalili ya kweli kwamba kazi itarudi?

Nani anaondoka na nani anabaki

Mwajiri hana ruhusa ya kuchagua kwa chuki au upendeleo. Sheria inamtaka azingatie muda ambao mtu amekaa kazini, ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake, akilinganisha watu wa kundi moja la kazi. Wapishi hulinganishwa na wapishi, walinzi na walinzi. Ukongwe una uzito lakini si kigezo pekee. Aliyeingia mwaka jana anaweza kubaki kama ana ujuzi usiopatikana kwa wengine, ila mwajiri lazima aweze kueleza.

Mimba, ulemavu, kabila, dini, au kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi haviwezi kuwa sababu halali ya kumwondoa mtu. Aliyeondolewa kwa kuwa anakaribia likizo ya uzazi ana kesi nyingine kabisa, hata kama barua yake imeandikwa "kupunguzwa kwa wafanyakazi".

Mzigo wa kuthibitisha sababu ni wa mwajiri. Kama wiki tatu baada ya wewe kuondoka mtu mwingine ameajiriwa kufanya kazi ileile kwa cheo kilekile, hiyo ni dalili kwamba nafasi haikuondolewa kweli. Andika tarehe na uhifadhi tangazo la kazi kama lipo.

Hesabu ya malipo yako

Chukua kalamu. Anayepunguzwa kazini anastahili angalau haya:

1. Mshahara wa siku zote alizofanya kazi hadi siku ya mwisho.
2. Notisi ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Kama mkataba unasema miezi miwili, basi ni miwili.
3. Siku za likizo ya mwaka ambazo hakuzichukua, zilipwe kwa pesa taslimu. Kiwango cha chini cha likizo ni siku 21 za kazi kwa kila miezi 12.
4. Malipo ya kupunguzwa kazini: si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Tuchukue mfano wa mhudumu wa mezani anayelipwa KSh 31,200 kwa mwezi. Amefanya kazi miaka 6 na miezi 8. Ana siku 14 za likizo zilizobaki. Mwajiri amempa taarifa ya nia mapema, kisha anamlipa badala ya notisi ya kuachishwa, na siku yake ya mwisho ni mwisho wa mwezi.

Mshahara wa mwezi wa mwisho: KSh 31,200.
Badala ya notisi: KSh 31,200.
Likizo: mshahara wa siku ni 31,200 gawanya kwa siku 26 za kazi, yaani KSh 1,200. Mara 14 ni KSh 16,800.
Malipo ya kupunguzwa: miaka iliyokamilika ni 6, ile miezi 8 haihesabiwi. Siku 15 mara 6 ni siku 90. Mwajiri akigawa mshahara kwa siku 30, mshahara wa siku ni KSh 1,040, na siku 90 ni KSh 93,600.

Jumla ni KSh 172,800 kabla ya kodi na makato halali.

Sasa angalia jambo moja ambalo wengi hawaulizi. Kama katika hesabu ya malipo ya kupunguzwa mwajiri angegawa mshahara kwa 26 badala ya 30, siku 90 zingekuwa KSh 108,000. Tofauti ni KSh 14,400. Waajiri hutumia njia zote mbili. Omba uoneshwe kwa maandishi njia iliyotumika, kisha utazame mkataba wako au makubaliano ya chama yanasema nini.

Makubaliano ya chama yana uzito. Siku 15 ni kiwango cha chini tu. Katika hoteli, chama cha KUDHEIHA hufanya makubaliano ya pamoja na waajiri, na makubaliano ya namna hiyo yanaweza kuweka siku nyingi zaidi. Mwajiri haruhusiwi kumweka mfanyakazi katika hali mbaya zaidi kwa sababu ya kuwa mwanachama au kutokuwa mwanachama wa chama.

Wengine huambiwa, "Wewe uko NSSF, kwa hiyo hulipwi kitu." Hapo mambo mawili yamechanganywa. Uanachama wa NSSF huondoa malipo ya utumishi ambayo sheria inayataja mahali pengine. Hauondoi malipo ya kupunguzwa kazini ya kifungu cha 40. Hayo yanabaki kuwa yako.

Kabla ya kutia sahihi

Mara nyingi hundi huja pamoja na karatasi inayosema umepokea malipo yako yote na huna dai jingine lolote. Usiichukulie kama risiti ya duka. Mahakama ya Rufaa imewahi kushikilia kwamba mfanyakazi aliyetia sahihi karatasi ya aina hiyo kwa hiari, akielewa maana yake, hawezi kurudi kudai zaidi. Kwa hiyo:

Omba muda wa kuisoma, hata siku moja. Ipeleke kwa ofisi ya chama au ya leba.

Linganisha kila mstari na hesabu yako ya nyumbani.

Kama hukubaliani na kiasi lakini unahitaji pesa, andika kwa mkono juu ya sahihi yako kwamba unapokea kiasi hicho huku ukihifadhi haki ya kudai salio, kisha piga picha.

Usiondoke bila cheti cha utumishi. Sheria inamlazimu mwajiri akupe cheti chenye jina lake, jina lako, tarehe ulizoanza na kumaliza, na aina ya kazi uliyofanya. Hakihusiani na barua ya sifa, ambayo anaweza kukataa kuitoa. Pia omba fomu ya P9 inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, maana utaihitaji kwa KRA.

Pa kwenda ukiona umedhulumiwa

Ieleweke kwamba masuala ya leba yako chini ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti. Ofisi ya wadi inaweza kukuelekeza, lakini haiwezi kumwamuru mwajiri akulipe.

Hatua ya kwanza ni afisa wa leba wa eneo lako. Malalamiko ya kuachishwa kwa njia isiyo ya haki hupelekwa kwake ndani ya miezi 3 tangu siku ya kuachishwa. Beba kitambulisho, mkataba au barua ya kuajiriwa, hati za malipo, taarifa ya kupunguzwa na nakala ya barua zako. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usivunjike moyo: taarifa za M-Pesa au za benki zinazoonyesha mshahara, sare yenye nembo na rekodi za NSSF ni ushahidi pia.

Hatua ya pili ni mahakama. Mahakama ya Ajira na Leba inasikiliza kesi Mombasa na Malindi. Wenye mshahara wa jumla usiozidi KSh 80,000 kwa mwezi wanaweza kusikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kesi za ajira, jambo linalopunguza gharama na safari. Dai liwasilishwe ndani ya miaka 3. Tahadhari: mazungumzo na mwajiri hayasimamishi muda huo. Wako waliongojea ahadi za "rudi mwezi ujao" hadi miaka mitatu ikapita.

Mahakama ikiona uliachishwa isivyo haki, inaweza kuamuru ulipwe fidia isiyozidi mshahara wa jumla wa miezi 12, pamoja na stahili zako zilizobaki.

Siku thelathini za kwanza nyumbani

Kenya haina mfuko wa umma unaomlipa aliyepoteza kazi mshahara wa kila mwezi. Pesa ulizolipwa ndizo daraja lako, na urefu wa daraja hilo unategemea maamuzi ya mwezi wa kwanza.

Hesabu miezi kwanza, miradi baadaye. Tuseme baada ya kodi na mkopo wa SACCO yule mhudumu amebaki na KSh 140,000, na matumizi ya lazima ya nyumbani ni KSh 17,500 kwa mwezi. Ana miezi 8. Akitoa KSh 100,000 wiki ya kwanza kuingia biashara asiyoijua, amebaki na miezi miwili na siku kadhaa. Pengine biashara itafaulu, lakini amejinyima muda wa kujifunza. Tenga kwanza angalau miezi minne ya chakula, kodi ya nyumba na karo, kisha uamue kuhusu kinachobaki.

Ongea na wanaokudai kabla hawajakutafuta. Malipo ya SACCO yaliyokuwa yakikatwa kwenye mshahara yatasimama, na wadhamini wako ndio watakaofuatwa. Nenda na barua ya kupunguzwa, omba mkopo upangwe upya kwa muda mrefu zaidi. Epuka kulipa deni la zamani kwa mikopo mipya ya simu, kwa sababu mshahara wa kuilipa mwisho wa mwezi haupo tena.

Usiache bima ya afya ikatike. Ulipokuwa kazini, asilimia 2.75 ya mshahara ilikwenda kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mshahara ukisimama, mchango nao unasimama. Badilisha hali yako uwe mchangiaji asiye na ajira rasmi kupitia *147# au Huduma Centre, ujibu maswali ya tathmini ya mapato ya kaya. Kiwango cha chini ni KSh 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima, yaani KSh 3,600. Lipa hiyo wakati pesa bado zipo.

Jua pesa za uzeeni ziko wapi. Akiba ya NSSF haitolewi kwa sababu tu umepoteza kazi. Umri wa kawaida ni miaka 60, au 50 kwa anayestaafu mapema. Unaweza kuendelea kuchanga kwa hiari. Kama mwajiri alikuwa na mpango wake wa pensheni, omba taarifa ya akiba yako kwa maandishi.

Usisahau KRA. Hata bila kazi, ripoti ya mapato ya mwaka uliopita inatakiwa kufikia tarehe 30 Juni, na faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia KSh 2,000.

Mwambie mwenzako nyumbani mapema. Wako wanaotoka asubuhi na sare kana kwamba wanaenda kazini, wakikopa kila wiki kulinda siri. Familia inayojua ukweli hupunguza matumizi pamoja. Isiyojua huendelea kutumia mshahara ambao haupo.

Huduma zilizo kwa kaunti

Ingawa leba si jukumu la kaunti, Katiba imezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, biashara na leseni zake, masoko, na vyama vya ushirika. Aliyefanya kazi ya usafi wa vyumba miaka kumi anaweza kusomea umeme, ushonaji au upishi wa mikate karibu na nyumbani. Waliopunguzwa pamoja wanaweza kusajili ushirika na kutoa huduma kama kundi, kwa mfano kufua nguo za nyumba za wageni. Anza kwa kuuliza ofisi ya wadi yako.

Maswali ya kujipima

Soma kila swali, jibu mwenyewe, kisha linganisha. Mnaweza kufanya zoezi hili kwenye chama au baraza la mtaa.

1. Mwajiri amekataa kukupa likizo bila malipo. Amevunja sheria?
Hapana. Lakini lazima afuate kifungu cha 40 chote, ikiwa ni pamoja na taarifa ya mwezi mmoja na mashauriano.

2. Amekuambia, "Kuanzia kesho uko kwenye likizo bila malipo, tutakupigia simu." Ni sawa?
Si sawa. Mabadiliko ya mkataba yanahitaji kushauriana nawe na kuandikwa.

3. Umefanya kazi miaka 4 na miezi 11. Malipo ya kupunguzwa ni ya miaka mingapi?
Miaka 4, siku 60 kwa kiwango cha chini. Kama makubaliano ya chama yanasema vingine, fuata yaliyo bora.

4. Umelipwa mshahara wa mwezi mmoja na kuambiwa hiyo yatosha. Kimekosekana nini?
Taarifa ya nia ya kukupunguza, siku za likizo zilizobaki, na siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

5. Una muda gani wa kulalamika?
Miezi 3 kwa afisa wa leba, miaka 3 mahakamani.

Hifadhi ukurasa huu pamoja na hati zako za malipo. Kama kazi yako iko salama leo, mpe jirani ambaye yake imetikisika, na mketi naye afanye hesabu yake kabla hajaitwa ofisini kutia sahihi.